Land Rover la baba: kulitengeneza, kuliuza au kuliacha chini ya mwarobaini

*Swali: Baba yangu ana umri wa miaka 79 na tunaishi wilayani Chamwino, upande wa Mvumi. Tangu kabla sijazaliwa ana Land Rover 109 la dizeli, Series III, ambalo limebeba zabibu, ng'ombe, maharusi na wagonjwa wa kijiji kizima. Siku hizi haliwaki bila kusukumwa, linatoa moshi wa bluu, linakula oili, na breki zake hukanyagwa mara mbili tatu ndipo zishike. Kaka anataka lifungwe injini ya Toyota. Dada anataka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ambao wamekwisha kutaja bei ya kilo. Mama anasema liachwe chini ya mwarobaini, hapo hapo lilipo. Baba mwenyewe hasemi kitu, ila kila asubuhi hulipangusa vumbi na kukaa ndani yake. Mafundi wawili wametuambia tusilitupe kwa sababu bodi ni nzima, haina kutu hata kidogo. Tufanye nini, na mzee tumwambieje? Halafu, ni kweli tunadaiwa ada ya barabara ya miaka yote ambayo halikulipiwa?*

Ndugu msomaji, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona ndani yake mmefunga pamoja maswali matatu ambayo yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni kama gari hili linaweza kutengenezwa. La pili ni kama linafaa kuendelea kubeba watu barabarani. La tatu ni nani mwenye haki ya kuamua, na kwa namna gani. Kaka yako anajibu la kwanza, dada yako anajibu la pili, mama yako anajaribu kulikwepa la tatu, na ndiyo maana mkikaa kikao hamuelewani, ingawa kila mmoja anasema jambo lenye maana.

Kabla ya yote, nawaomba gari hilo lisibebe mtu tena kuanzia leo mpaka breki zikaguliwe. Series III ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na viatu vya breki vinapolika, pengo kati yake na ngoma huongezeka, hivyo dereva hulazimika kukanyaga zaidi ya mara moja ili kulijaza. Ikiwa tatizo ni hilo tu, fundi atalirekebisha kwa kukaza virekebishaji vya kila gurudumu, kazi ambayo haimalizi hata nusu siku. Lakini dalili hiyo hiyo hutokea pia hewa inapoingia kwenye mfumo wa mafuta ya breki, au mipira ya silinda kuu inapokauka na kupasuka, jambo ambalo jua letu na ukame wetu hulileta mapema. Katika hali hiyo ya mwisho, siku moja pedali hushuka mpaka sakafuni na hairudi na chochote. Mwambieni pia fundi asipulize vumbi la ndani ya ngoma kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa viatu vya breki vya magari ya umri huo mara nyingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu. Alowanishe kwa maji na kufuta kwa kitambaa.

Sasa nije kwenye maneno ya mafundi wenu wawili, ambayo ni ya kweli lakini yanapotosha. Bodi ya Land Rover haina kutu kwa sababu sehemu yake kubwa si ya chuma. Gari hili lilipooneshwa hadharani kwa mara ya kwanza, mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, na waliolibuni wakaamua kutumia mabati ya aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Mtindo huo uliendelea, na Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kumwambia mwenye Land Rover kwamba bodi yake haina kutu ni kumwambia jambo ambalo lingekuwa kweli hata kama gari lake limekwisha. Kinachobeba bodi hiyo, injini, springi na abiria ni chasisi, nayo ni ya chuma, tena chuma kilichoundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani.

Watu wengi wa huku huamini kwamba Dodoma hakuna kutu kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja tu, takribani kati ya Desemba na Aprili, na hazifiki mbali. Ni kweli kwamba gari la Tanga au Mtwara huoza haraka zaidi kwa chumvi ya bahari. Lakini fikiria maisha ya gari lenu. Limevuka makorongo yenye matope, na tope limeingia ndani ya chasisi kupitia matundu yake, likakaa humo likishika unyevu muda mrefu baada ya nje kukauka. Kama lilikuwa likienda upande wa Bahi, udongo wa bonde lile una chumvi. Na umeniambia limebeba ng'ombe. Mkojo wa mifugo unaotiririka kwenye maungio ya bodi na kudondokea chasisi ya nyuma, mwaka baada ya mwaka, ni mbaya kuliko mvua. Kutu ya namna hii huanzia ndani, na rangi ya nje ikabaki inapendeza. Mahali alumini inapogusana na chuma, hasa kwenye boliti, mtaona unga mweupe, kwa sababu metali mbili za aina tofauti zikikutana penye unyevu, moja huila nyingine.

Namna ya kulijua hili ni rahisi, nayo ndiyo kazi ya kwanza ninayowapa. Lipelekeni gari, likiwa limevutwa au kupakiwa, kwenye gereji yenye shimo la ukaguzi na fundi mzee aliyewahi kushika Land Rover kwa miaka. Ashuke na nyundo ndogo na tindo, aondoe kwanza tope lililoganda, kisha agonge chasisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, na nyundo hukaa pale pale kana kwamba umegonga kisiki. Asisitize sehemu tatu: boriti ya nyuma inayokatiza upana wa gari, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na mahali springi zinapofungwa kwenye chasisi. Tundu kwenye mkono wa pembeni huchomelewa na maisha yakaendelea. Kuoza kwa mahali pa springi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu pakiachia gari likiwa mwendoni, ekseli husogea na usukani hauna tena la kufanya. Nawe uwepo wakati wa ukaguzi, ushuke shimoni mwenyewe, kwa sababu bati jipya lililochomelewa juu ya bati bovu na kupakwa lami ni hila ya zamani, na gari la umri huo laweza kuwa nalo bila baba yako kujua.

Jibu la chasisi ndilo litakaloamua mengine yote. Familia nyingi huanza na injini kwa kuwa ndiyo inayolalamika kwa sauti, wakamaliza fedha juu, halafu wakagundua kwamba chini hakuna cha kuibebea.

Kuhusu injini yenyewe, dalili ulizotaja zinaelezana vizuri. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta, bali huminya hewa mpaka inapata joto la kutosha, na hii ya kwenu, ya lita 2.25, huiminya hewa mpaka ujazo wake unabaki sehemu moja kati ya 23 hivi. Ringi za pistoni na kuta za silinda zikilika, sehemu ya hewa hupenya pembeni, joto halifiki kiwango, na injini ikiwa baridi hukataa kuwaka. Kwa njia hiyo hiyo oili nayo hupanda na kuungua, na ndiyo moshi wa bluu. Kilichoila injini, kwa gari la Mvumi, karibu kila mara ni vumbi. Series III husafisha hewa kwa kuipitisha juu ya bakuli la oili linalonasa chembechembe, na oili hiyo isipobadilishwa mara kwa mara katika kiangazi chetu hugeuka tope na kuacha mchanga mwembamba uende moja kwa moja kwenye silinda, ambako hufanya kazi ya msasa. Kabla hamjahukumu, hata hivyo, fundi apime betri, stata na plagi za kupasha moto, kwa sababu asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu zina baridi ya kutosha kulifanya gari lenye plagi mbovu lisukumwe wakati injini yake bado inaweza. Kisha injini ikiwa inanguruma polepole, afungue kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka pale kwa kupiga-piga kama pumzi, ringi zimechoka. Apime na kompresheni, yaani nguvu ya kuminya hewa, ya kila silinda, awaandikie namba zake kwenye karatasi.

Injini kama hiyo hutengenezeka. Silinda huchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi au kuvalishwa sleevu (bomba la ndani la silinda) mpya, krenki husagwa, beringi hubadilishwa, na spea zake bado hutengenezwa Uingereza na huingia nchini, ingawa za bandia pia zipo tele. Gharama yake ni kubwa, na hamtairudisha hata siku moja kwa kuliuza gari. Sisemi hivyo ili kuwakataza. Watu hutumia fedha nyingi kwa sherehe ya siku moja, na sioni kwa nini mtu mwenye uwezo asitumie kwa gari analolipenda. Nasema tu kwamba iwe ni fedha ya mapenzi, ambayo mmekubaliana wote, na isiwe ada ya shule ya mtoto wa mtu iliyojificha katika jina la uwekezaji.

Wazo la kaka yako la injini ya Toyota ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Limefanywa mara nyingi na kuna magari yanayotembea vizuri hivyo, lakini halihusu tu kung'oa hii na kuweka ile. Panahitajika bamba la kuunganisha injini na giaboksi, vishikio vipya vya injini vinavyochomelewa kwenye chasisi, rejeta na ekzosi za kupangwa upya, na mwisho wake mnapata gari linalokimbia kuliko zamani likiwa na breki zile zile za ngoma, usukani ule ule mzito na viti vya ubavuni visivyo na mikanda. Gari hili lilibuniwa kwa mwendo wa barabara za vumbi. Siku hizi ukitoka Mvumi, muda si mrefu uko kwenye lami pamoja na mabasi na malori ya mizigo. Zaidi ya hayo, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko yake lazima yaripotiwe na kusajiliwa, la sivyo mtakuwa na gari ambalo kadi yake inasema jambo moja na boneti inasema lingine. Kama chasisi ni nzima na kaka yako ana nia ya dhati, namshauri atengeneze injini ya asili.

Mama yako nimwambie kwa heshima kwamba gari lililoachwa chini ya mti huharibika haraka kuliko linalotembea. Dizeli hukusanya maji kwenye tanki, mafuta ya breki hunyonya unyevu na kugandisha pistoni za breki, ringi hushikana na silinda, matairi hupasuka pembeni, panya hutafuna nyaya na nyoka huwafuata panya. Nyuki nao wanajulikana kwa kupenda nafasi kama hizo. Watoto watapanda humo kucheza, nao hujifungia. Ikiwa mtaamua libaki nyumbani, iwe ni kuhifadhi kwa makusudi: liinuliwe juu ya magogo imara ili matairi yasibebe uzito, tanki likaushwe, betri itolewe na kuwekwa mbali na watoto, paa la bati lijengwe juu yake, na milango ifungwe kwa ufunguo. Mwarobaini peke yake hautoshi.

Nije kwa dada yako. Wanunuzi waliotaja bei moja ya kilo kwa gari zima wanawapunja, na ninaamini wanajua. Bodi ya alumini, kilo kwa kilo, ina thamani kubwa kuliko chuma, na ukiipima pamoja na chasisi unaigawa bure. Kama chasisi imeoza kabisa na hakuna mnunuzi mwingine, basi bodi ivuliwe, kila metali ipimwe peke yake kwenye mizani mnayoiona. Lakini hata chasisi ikiwa mbovu, singeanza na mizani. Land Rover la Series lililokamilika, lenye giaboksi, ekseli, milango na kadi, lina watu wanaolitafuta, kwa ajili ya kulifufua au kwa spea. Oktoba 2024 mjini Arusha yalikusanyika magari ya Land Rover kwa mamia, ya kila umri, na hayo yote yana wenyewe wanaohitaji vipuri. Ulizeni kwa mafundi wa Land Rover wa Arusha na Iringa kabla ya kukubali bei ya kilo, na msikubali mtu aje "kuchomoa kidogo tu" pampu ya dizeli au difu kwanza, maana baada ya hapo mnabaki na chuma kweli.

Likivunjwa, oili chakavu msiimwage ardhini wala msiipake nguzo za nyumba kama ilivyo desturi ya kuzuia mchwa. Maji ya jiji la Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visimani kule Makutupora, na vijiji vyetu navyo hutegemea visima. Iwekwe kwenye madumu na kupelekwa gereji inayokusanya. Betri isipasuliwe nyumbani na mtu yeyote anayetafuta risasi ya kuyeyusha.

Na mzee? Umeandika kwamba hasemi kitu, na kikao chenu kimechukua ukimya huo kana kwamba ni nafasi iliyo wazi. Nimeona familia ambazo baba hupelekwa harusini Dodoma mjini, na akirudi gari halipo, watoto wakidhani wamempunguzia uchungu. Msifanye hivyo. Kwanza, gari ni lake, kadi ina jina lake, na bila sahihi yake hakuna mauzo halali. Pili, anachokipoteza si chombo cha usafiri peke yake. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyegongewa mlango usiku mwanamke anapopata uchungu, na ndiye aliyejua korongo lipi linapitika baada ya mvua. Gari likiondoka, nafasi hiyo nayo inaondoka, na sidhani kama fedha mtakayompa itaijaza.

Ningeanza kwa kumhusisha na ukaguzi. Mwende naye gereji, akae kwenye kiti kando ya shimo, fundi amwambie yeye, si ninyi, anachokiona. Mtu aliyeendesha gari miaka yote hiyo anaelewa lugha ya nyundo kuliko watoto wake, na huenda akalisema mwenyewe neno ambalo ninyi mnaliogopa. Akishalisema, muulizeni angependa liende kwa nani. Wazee wengi hukubali kuuza kwa mtu atakayelifufua, hata kwa bei ndogo, na hukataa mizani hata kwa bei kubwa, nami naona huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu. Muulizeni pia anataka kubaki na nini. Hilo lisemwe kabla ya kupanga bei, kwa sababu usukani au beji ya mbele ikiondolewa baadaye mnunuzi atalalamika kwa haki. Mpigeni picha nalo, na mmoja wenu aandike safari anazozikumbuka, nani alizaliwa njiani, lilikwama wapi.

Halafu mpangeni usafiri wake wa kila siku kwa maneno yanayoeleweka: nani atampeleka kliniki, nani atamfuata Jumapili, na simu ya kijana yupi wa bajaji anayeaminika. Asiyejua atakavyofika kanisani hawezi kukubali kuliachia gari, hata kama haliwaki. Ikiwa baada ya miezi michache mnaona hataki chakula, hapati usingizi, hataki kuonana na watu, mpelekeni kwa daktari kama mngefanya kwa homa, wala msiseme ni uzee.

Limebaki suala la ada. Ada ya mwaka ya leseni ya magari, ambayo wengi tuliizoea kwa jina la ada ya barabara, ilifutwa na bajeti ya mwaka wa fedha 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo hakuna ada ya namna hiyo iliyokuwa ikijilimbikiza tangu wakati huo. Hata hivyo, kabla ya kupeana mikono na mnunuzi, nendeni ofisi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na kadi ya gari, waangalie kama kuna lolote la zamani linaloonekana kwenye namba hiyo, na muangalie pia faini za trafiki, kwa sababu nazo hufuata namba ya usajili. Mtu akilinunua gari likiwa zima, uhamisho wa umiliki ufanyike siku ile ile ya malipo, kwa mkataba wenye sahihi ya baba na mashahidi, wala msimpe kadi kwa ahadi ya "nitabadilisha jina baadaye". Likienda kukatwa, ombeni TRA wafute usajili, na vibao vya namba vitolewe kabla gari halijaondoka uwanjani. Gari likibaki kwa jina la baba huku liko mikononi mwa wengine, siku likitumika vibaya ni mlango wake utakaogongwa. Na kwa kuwa mzee ana miaka 79, fanyeni hayo akiwa na afya ya kutia sahihi mwenyewe, kwani baadaye itawalazimu kupitia mahakamani kwa msimamizi wa mirathi, na gari litakaa chini ya mwarobaini muda wote huo.